Bahari Inavyojenga na Kubomoa Pwani

Katika kijiji cha Digodigo, wilayani Ngorongoro, wakulima humwagilia mashamba yao kwa mifereji. Kila mkulima wa huko anajua kwamba maji yaendayo kasi huchimba ukingo wa mfereji, na yakipungua kasi huacha mchanga na tope. Ukingo wenye majani na mizizi hudumu. Ukingo mtupu humomonyoka. Digodigo ni mbali na Bahari ya Hindi, na maji yake huteremka kuelekea Ziwa Natron. Hata hivyo, mambo hayo hayo hutokea katika pwani yetu.

Kazi ya mawimbi

Mawimbi husababishwa na upepo uvumao juu ya bahari. Wimbi lifikapo mahali pasipo na kina kirefu huinuka, kisha huvunjika. Maji yapandayo ufukoni huleta mchanga. Maji yarudiyo huondoa mchanga. Penye mwamba, wimbi husukuma maji na hewa ndani ya nyufa na kuupiga mwamba kwa mawe madogo. Sehemu ya chini hulika kwanza. Sehemu ya juu hubaki ikining'inia, na mwishowe huanguka.

Mawimbi yajayo kwa mshazari husukuma mchanga kandokando ya pwani. Wakati wa kusi mchanga huelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi huelekea kusini. Basi ufuko ni kama ghala la nafaka: kitokacho kikizidi kiingiacho, ghala hupungua.

Mchanga mwingi huletwa na mito. Kaskazini ya Dar es Salaam, watu walichimba mchanga wa kujengea katika vijito viendavyo baharini. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za ufuko wa Kunduchi kuliwa na bahari, hata majengo yakabomoka.

Walinzi wa pwani

Pwani ina walinzi wake wa asili. Miamba ya matumbawe huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukoni. Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji na kushika tope. Mimea ya ufukoni hushika mchanga. Anayevunja matumbawe kwa baruti, au kufyeka mikoko ovyo, huwaondoa walinzi hao.

Karibu na Pangani, mkoani Tanga, kilikuwapo kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Maziwe. Kiliota mivinje, na kasa walipanda huko kutaga mayai. Miti ilikatwa, na mizizi iliyoshika mchanga ikatoweka. Wataalamu hutaja jambo hilo miongoni mwa sababu za kupotea kwa kisiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Maziwe ilikuwa imemezwa na bahari. Siku hizi fungu la mchanga huonekana maji yakupwapo, na yajaapo hufunikwa. Kasa bado hurudi kutaga hapo. Mayai yakiachwa yataharibiwa na maji. Kwa hiyo wanakijiji wa Ushongo huyahamishia kwenye ufuko wao.

Binadamu pia hujenga kuta. Mwaka 2018 ulikamilika ukuta wenye urefu wa zaidi ya meta 900 kando ya Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam. Ukuta hulinda mahali uliposimama tu, na mawimbi yarudishwayo nao huweza kuondoa mchanga ulio mbele yake. Nao hugharimu fedha nyingi. Mkoko hujiotea wenyewe, ukiachwa.

Jaribio

Chukua karai, mchanga na kibao. Jenga mteremko wa mchanga upande mmoja wa karai, kisha tia maji upande wa pili. Sukuma maji polepole kwa kibao mara 20. Mteremko umekuwaje? Ujenge tena, upange mawe madogo mbele yake, kisha urudie. Linganisha matokeo.

Maswali

1. Kwa nini ufuko hupungua watu wachimbapo mchanga mtoni?
2. Eleza jinsi matumbawe na mikoko vinavyolinda pwani.
3. Chunguza mfereji, kijito au mtaro ulio karibu na shule yako. Ni wapi maji yamechimba? Ni wapi yameacha mchanga? Kwa nini?