Riziki Ikikatika, Simu Huwa Msiri

Machi 2020 soko la maua la Aalsmeer, Uholanzi, liliporomoka kwa sababu ya korona, na mawaridi ya Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, yakatupwa. Vibarua kwa maelfu wakarudishwa majumbani. Ndugu zetu wa mahoteli ya Malindi na Mombasa walionjeshwa shubiri hiyo hiyo, basi hapana haja ya kumweleza msomaji wa pwani uchungu wa riziki kukatika ghafula.

Lakini aliyekosa kazi hakosi pesa tu. Usingizi humruka, moyo humwenda mbio, chakula hakimpiti. Amwambie nani? Jirani atamwita mwenda wazimu. Mzee pengine atasema ana pepo, au imani yake haba. Na kama mawazo yamemfikisha kwenye kutaka kujiua, kusema kulikuwa na hatari zaidi. Kujiua dini imekataza, hilo halina ubishi. Lakini kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtia hatiani hata mgonjwa aliyejaribu akanusurika. Ni tarehe 9 Januari 2025 ndipo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho chaenda kinyume cha Katiba.

Basi msiri akawa simu. Usiku, watoto wamelala, mwenye dhiki huiuliza Google, wala hapana amwonaye. Nao wataalamu hutazama maswali kama hayo yanavyopanda na kushuka wakati wa shida, kwa hesabu ya 0 hadi 100 ambayo Google yenyewe huitoa.

Kipimo hicho, kwa maoni yangu, kina tundu. Hiyo 100 si watu 100. Ni wakati ule neno lilipotafutwa zaidi kuliko nyakati nyingine. Penye waulizaji wachache hesabu husoma sufuri, na wenyewe wapo. Tena ukihesabu jina la Kiingereza la ugonjwa, mchuma maua aliyeandika “sipati usingizi” humwoni. Kiswahili kina neno sonona, lakini ni wangapi walitumiao? Wengi husema tu, “nina mawazo.”

Jopo la Dakta Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Simu nayo, ukiiuliza, hukushauri umwone daktari. Yule wa Naivasha hana hata nauli ya kufika Nakuru mjini.