Goti Lililoteguka: Damu Kwanza, Ligamenti Baadaye

Goti ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, lakini mifupa yake haikuingiana kama ile ya nyonga. Ncha ya mfupa wa paja ni ya mviringo, na kichwa cha muundi ni karibu bapa. Kinachozuia mifupa hiyo isiachane ni ligamenti, yaani kamba ngumu zifungazo mfupa kwa mfupa. Zilizo kuu ni 4: mbili hupishana ndani ya goti, na mbili zimo ubavuni, moja kila upande.

Katika ajali ya pikipiki, kwa mfano, ligamenti kadhaa huweza kukatika pamoja na goti likateguka. Mara nyingine mifupa hurudi yenyewe mahali pake, na goti likaonekana limevimba tu. Hapo ndipo penye hatari. Ateri ipitayo nyuma ya goti imeshikizwa juu na chini ya kiungo. Mifupa ikihama, ateri huvutika hata ikachanika au kuziba. Mwaka 1977 madaktari wa Marekani, Green na Allen, walichapisha uchunguzi wa magoti 245 yaliyoteguka. Miongoni mwa majeruhi ambao ateri zao hazikutengenezwa katika muda wa saa 8, asilimia 86 walikatwa mguu. Kwa hiyo daktari hupima kwanza mapigo ya damu kwenye kifundo cha mguu, tena hurudia kupima.

Damu ikiwa salama, huja zamu ya ligamenti. Ya ubavu wa ndani mara nyingi huunga yenyewe. Zile zipishanazo haziungi vizuri, maana ute wa goti huzuia bonge la damu lisikae kati ya ncha zilizokatika, na chembehai hukosa pa kushika. Hivyo mpasuaji hutwaa kano kutoka pajani mwa mgonjwa, au kwa marehemu aliyejitolea, hutoboa mifupa kwa keekee, huipitisha tunduni na kuikaza kwa parafujo.

Katika wiki za mwanzo kano hiyo hudhoofika. Baadaye mishipa ya damu na chembehai mpya hupenya ndani yake na kuijenga upya. Ndiyo sababu mgonjwa asiyesikia tena maumivu bado huzuiwa kucheza mpira kwa miezi 9 au zaidi.

Basi, mwanafunzi aumiapo goti kwa kishindo uwanjani, apelekwe hospitali mara moja, hata kama mguu umenyooka.