Kampala: Bei ya chakula hufuata mchuzi

KAMPALA. Mfanyabiashara anayeingia Kampala kwa mara ya kwanza akitokea Kariakoo au Gikomba hukutana na maneno ya kumchanganya. Akiulizwa kama anataka posho, asidhani anapewa fedha za safari: posho kwa Waganda ni ugali. Akisikia vijana wa kando ya barabara wakiuza "rolex", si saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga.

Linalogusa mfuko zaidi ni namna ya kupanga bei. Katika migahawa mingi ya kawaida, sahani moja hujazwa chakula cha aina kadhaa: matoke, posho, wali na viazi vitamu. Bei huamuliwa na mchuzi. Maharage na mchuzi wa karanga, uitwao binyebwa, huwa chini. Nyama ya ng'ombe hufuata. Kuku na samaki huwa juu. Ndizi huletwa mjini kwa wingi kutoka magharibi mwa nchi, hivyo kinachompa mpishi gharama ni kitoweo. Swali la kuuliza kabla ya kuketi, basi, ni mchuzi gani na kwa bei gani.

Wanaonunua mzigo Kikuubo au soko la Owino hawalazimiki kwenda mbali, kwani akina mama hupitisha sahani za chakula hadi madukani. Asubuhi kuna katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo au maharage. Jioni wengi huelekea Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye kuku wa kuchoma na rolex.

Kwa madereva, kuingiza lori katikati ya mji kwa ajili ya mlo ni hasara. Anayetoka Malaba au Busia husimama Namawojjolo, barabara ya Jinja. Anayetoka Mutukula husimama Lukaya, baada ya Masaka. Kote huko huuzwa nyama na ndizi za kuchoma, zinazoitwa gonja.

Kuhusu vinywaji, tahadhari ni waragi wa magendo. Mwaka 2010 makumi ya watu walifariki wilayani Kabale baada ya kunywa pombe yenye methanoli, sumu ambayo mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha. Waragi wa vifuko ulipigwa marufuku mwaka 2019, hivyo anayeuziwa kifuko leo anauziwa kitu kisicho halali. Bia au waragi wa chupa iliyofungwa kiwandani ndiyo salama, tena baada ya lori kuegeshwa hadi kesho yake.

Mwisho, mlo uandikwe kwenye gharama za mzigo kama ushuru na nauli. Anayekula kuku mchana na jioni kwa siku tatu bila kuandika atarudi nyumbani akilalamika kwamba bidhaa za Kampala zimepanda, kumbe faida ameila mwenyewe.