Faida Isiyoandikwa Kwenye Cheti

Mzazi wa Afrika Mashariki anapouza kiwanja ili mwanawe akasome ughaibuni, anajua anachotafuta: cheti, na baada ya cheti, kazi. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ada ni kubwa, na mtoto akirudi mikono mitupu huumia ukoo mzima. Lakini nikitazama maisha ya watu ambao safari ya masomo iliwabadilisha kweli, naona wamejengwa zaidi na hali isiyolipiwa ada: kuishi miaka kadhaa mahali ambapo hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani.

Mmoja wao ni Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, aliyeondoka Kenya Septemba 1960, akiwa na miaka 20, katika mpango wa kusafirisha wanafunzi uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya. Mwaka uliotangulia, mpango huo ulikuwa umepeleka Marekani vijana 81 kwa ndege moja. Vijiji vilichangishana, wazazi wakauza mifugo. Wangari alipangiwa chuo cha masista Wabenedikti, Mount St. Scholastica, katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Wakiwa njiani kwa basi kutoka New York, walisimama Indiana wakaingia mkahawani kunywa soda. Wakaambiwa watauziwa, ila wakanywee nje.

Tukio hilo lina uzito wake. Msichana aliyekulia katika koloni la walowezi aliujua ubaguzi wa rangi tangu utotoni, lakini Marekani aliyokuwa akiiendea ilisifiwa kuwa nchi ya uhuru. Kumbe hata nchi inayosifiwa ina milango yake iliyofungwa. Anayegundua hilo mapema huacha kuiabudu nchi ya watu, na papo hapo hukoma kuidharau yake. Kwangu hiyo ni elimu kamili, na hakuna mhadhara unaoweza kuitoa.

Baada ya shahada ya kwanza mwaka 1964 alikwenda Pittsburgh kusomea shahada ya pili ya biolojia. Mji ule ulijulikana kwa viwanda vya chuma na moshi wake, na pale aliwaona raia wakishinikiza hewa yao isafishwe. Kwa mtu aliyelelewa chini ya mkoloni, ambako amri hushuka na mwananchi hutii, kuona watu wa kawaida wakidai hewa safi kama haki yao ni kuona jambo ambalo kitabu kingelitaja kwa mstari mmoja tu.

Wanafunzi wetu wa leo hukutana na mshtuko kama huo hata darasani. Kijana aliyefaulu kwa kukariri notisi za mwalimu anakaa na wenzake kumi na wawili kuizunguka meza moja. Mhadhiri anamgeukia: "Wewe unaonaje?" Kimya. Jibu analijua, ila hajawahi kuulizwa maoni yake na mtu mzima aliye tayari kupingwa. Wiki za kwanza ni za mateso. Kisha siku moja anasema, "Mimi sikubaliani na mwandishi," na dari haliporomoki. Akirudi nyumbani na ujasiri huo, bila kupoteza adabu ya shikamoo, wazazi wake wamepata zaidi ya walichokilipia.

Wala si lazima avuke bahari. Kijana wa Mbeya anayekwenda kusoma Kampala atashangaa kuona Kiswahili, kilichomtosha popote Tanzania, hakimfikishi mbali sokoni. Itabidi aokoteze Kiganda na kuomba msaada kwa watu asiowajua. Kinachohitajika ni kukubali kuwa mgeni. Hilo ndilo ninaloliona likitutoka. Mwanafunzi anafika ng'ambo, anapanga chumba na watu wa kwao, anakula nao, jioni nzima yuko kwenye simu na kundi la familia. Simlaumu, upweke unauma, na anayebeba boksi usiku ili alipe pango hana nguvu ya kutafuta marafiki. Lakini miaka minne ya namna hiyo ni hasara ambayo wazazi hawataiona kwenye matokeo ya mitihani.

Wangari alirudi Nairobi mwaka 1966. Jina la Mary Jo, aliloitwa Kansas, alilivua akajiita Wangari Muta. Kazi ya utafiti wa zoolojia aliyoahidiwa chuo kikuu alikuta amepewa mtu mwingine, na aliamini kabila lake na uanamke wake ndivyo vilivyomponza. Alikuwa amewahi kutolewa mkahawani kwa sababu ya ngozi yake. Sasa mlango ulifungwa na watu wa nchi yake mwenyewe, na hakukubali kuuita mlango huo desturi. Alipata nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Kisha akashirikiana na mhadhiri mwenzake, Vertistine Mbaya, kudai kwamba wanawake wa chuo hicho wapate marupurupu sawa na wanaume, ikiwemo posho ya nyumba, ambayo mwanamke aliyeolewa alinyimwa kwa hoja kwamba mumewe anayo nyumba.