Tela la Bati Lipewe Umeme wa Aina Gani?

Tuseme umelizungushia bati tela lako la zamani ili uende nalo mnadani Katesh au Haydom. Ndani unataka kuuza soda baridi, kunyoa watu nywele na kuwachajia simu. Je, umeme utauingiza kwa njia gani?

Watu wengi huanza kwa kununua waya. Hapo ndipo wanapokosea. Kwanza fanya hesabu. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Friji dogo wati 150, taa mbili wati 20, mashine ya kunyolea wati 15, simu kumi wati 100. Jumla ni wati 285. Umeme wa TANESCO wa majumbani una volti 230. Gawanya 285 kwa 230, utapata ampia 1 na kidogo. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu hubeba mpaka ampia 13, yaani wati 2,990. Basi hiyo inakutosha kabisa. Mwuza duka asikudanganye ununue kubwa zaidi.

Kama wewe ni fundi wa kuchomelea, mambo ni mengine. Mashine ya wati 5,000 huvuta karibu ampia 22. Plagi ya 13 itaungua. Hapo inatakiwa plagi ya duara, ile ya buluu ya ampia 32, na waya mnene wa milimita 6 za mraba. Na mashine ya kusaga yenye mota ya njia tatu usiifikirie hapa; hiyo inataka laini yake.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Bati hupitisha umeme, na tela limekaa juu ya matairi ya mpira. Waya ukichubuka ndani na kugusa bati, tela zima linakuwa na umeme, na taa zinaendelea kuwaka kama kawaida! Mteja amesimama kwenye tope la masika, anashika mlango. Umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini. Fyuzi ya ampia 13 haitamwokoa, maana hata sehemu moja ya kumi ya ampia moja inaweza kuua mtu.

Kwa hiyo nunua waya wenye nyaya tatu ndani, siyo mbili. Ule wa kijani na njano ni wa ethi, nao ufungwe kwa skrubu kwenye bati lenyewe. Tena weka swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, iliyoandikwa 30 mA. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila asubuhi ya mnada. Isipokata, usifungue duka. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu lake ukunjue wote, la sivyo utapata moto na kuyeyuka.

Pasipo na TANESCO utatumia jenereta. Friji linapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya wati zake, hivyo chukua jenereta ya wati 1,000 au zaidi. Iweke nje, mbali na mlango, hata usiku wa baridi kule Mbulu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Aliyelala ndani ya tela hataamka.