Hospitali Karibu, Kitambulisho Mbali

Tukitaja afya ya jamii za wafugaji, wengi huwaza Marsabit au Turkana, ambako mgonjwa hutembea siku nzima kuifikia zahanati. Lakini Mmaasai anayelinda ghala usiku na Mborana mwenye kibanda Eastleigh ni watu wa jamii hizohizo. Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinawahesabu wafugaji wa kuhamahama miongoni mwa jamii zilizotengwa, na kuhamia Nairobi hakufuti kutengwa huko mara moja.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, haikosi hospitali. Pumwani imekuwa ikizalisha akina mama tangu 1926, na Mama Lucy Kibaki inahudumia upande wa Umoja na Kayole. Kizuizi kiko dirishani, kwenye usajili. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF, mtu mzima hujisajili kwa namba ya kitambulisho. Vijana wa kaunti za mpakani walisumbuliwa miaka mingi na kamati za uchunguzi wa uraia kabla ya kukipata, hadi Rais Ruto alipotangaza Februari 2025 kwamba utaratibu huo umekomeshwa. Ambaye bado hana, bado yuko nje.

Pesa nazo zina lao. Aliyejisajili hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Akilazwa hospitali kubwa, lazima awe amelipa mchango wa SHA, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo: angalau shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa anayekula alichopata leo, huo ni mlima.

Kisha kuna lugha. Bahasha ya dawa imeandikwa 2×3, mama anayejua Kiborana pekee anaipokea, anaitikia kwa kichwa, na kwenda nyumbani kumeza vidonge vitatu mara mbili, badala ya viwili mara tatu.

Hapa ndipo wahudumu wa afya ya jamii wanapohitajika. Tangu Septemba 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, nao hupita nyumba kwa nyumba. Kaunti ichague baadhi yao kutoka jamii hizi, wanaoweza kusoma bahasha hiyo kwa Kiborana au Kimaasai, na kumsindikiza asiye na kitambulisho hadi kwa chifu au Huduma Centre ya Makadara.

Wakati huohuo kila mtu ajue: Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza kumnyima mgonjwa matibabu ya dharura, awe na kitambulisho au asiwe nacho.