Bustani ya Amani na muhogo wa shambani kwako

Msikilizaji wa Mabamba, pingili ya muhogo unayoichomeka ardhini ina historia inayofika mkoani Tanga, kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Bustani ya mimea ni nini?

Ni shamba la kujifunzia. Chuo kikuu cha Padova, Italia, kilianzisha yake mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari wazijue dawa za mitishamba. Bado ipo mahali pale pale.

Kwetu, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Walipanda miti kutoka pande nyingi za dunia: kahawa, mpira, viungo na mikwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za meli, magome ya mikwinini yalitengenezwa dawa ya malaria hapo hapo.

Muhogo unaingiaje?

Wakati wa Waingereza, mtaalamu Storey alieleza mwaka 1936 ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Yeye na mwenzake Nichols walitafuta muhogo unaostahimili ugonjwa huo na batobato. Walichanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara, kisha wakarudisha uzao kwa muhogo mara kadhaa ili mizizi iwe minene na ya kulika. Baadaye uzao huo ulifika Nigeria, ukawa msingi wa mbegu bora zilizosambaa Afrika.

Si kila kilicholetwa kilikuwa baraka. Mti wa musizi uliopandwa Amani umeenea hadi ndani ya msitu wa asili. Msitu huo ulitangazwa hifadhi mwaka 1997.

Wewe ufanye nini?

Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na pia na pingili zenye ugonjwa. Batobato utaiona kwenye majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano. Michirizi ni mjanja zaidi: shina laweza kuonekana zima, kumbe mzizi umeoza kwa ndani. Kwa hiyo, kabla ya kumwomba jirani mbegu, mwombe kwanza ang'oe shina moja mlikate mizizi yake pamoja. Ukiona madoa ya kahawia, usichukue. Muulize bwana shamba wa kata mbegu safi inapatikana wapi.